Kiboko Mwenye Pembe

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Bodaboda kutoka Kibaoni hadi shuleni Michenga, matope mpaka magotini. Darasa la awali limeniamkia kwa kelele kama kawaida, isipokuwa Milembe. Wiki ya tatu sasa, hajatamka neno. Wazazi wake ni wafugaji, Wasukuma, wamehamia juzijuzi. Anakaa mlangoni, tayari kutoroka. Mama yake kanifuata: baba kasema mtoto akiendelea kulia kila asubuhi, mwisho Ijumaa, abaki nyumbani. Nimeumia. Sijawahi kushindwa na mtoto wa miaka mitano.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza kitabu changu cha karatasi za manila. Kurasa nane, picha tupu. Mtoto wa kiboko anatoka mtoni, anaanza shule, anaogopa kila kitu, mwishoni anazoea. Nimemvalisha sweta. Mdomo wazi, anacheka. Nimejipongeza mwenyewe, maana nani mwingine atanipongeza?

Jumatano, 5 Machi
Aibu. Nimeingia kwa mbwembwe, kitabu nimekificha mgongoni, nikapaza sauti: "Leo nimewaletea kiboko!" Milembe akatoka mbio. Tumemkuta nyuma ya tangi la maji.

Nikarudi darasani kuwaonesha picha, nako balaa. Gasto, ambaye baba yake ni mvuvi, kaitazama picha, karudi nyuma. "Mwalimu, huyo hacheki. Akifungua mdomo hivyo, unakimbia." Wakakimbia kweli, wote, hadi ukutani. Kitabu cha kuondoa woga kimefukuza darasa zima!

Mama Milembe alipokuja kumchukua ndipo nikaelewa. "Mwalimu, anasema umeleta kiboko cha kuwachapa." Jamani. Mtoto hajawahi kumwona kiboko wa mtoni. Anachokijua ni kile cha kuchapia. Mimi na mdomo wangu! Nabwata tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Sijawahi kumchapa mtoto, lakini yeye angejuaje?

Alhamisi, 6 Machi
Amekuja, kang'ang'ania kitenge cha mama yake. Sikupaza sauti. Nimekaa chini kwenye mkeka, kitabu mapajani, kimya. Kwangu hiyo ni adhabu.

Akasogea. Akasogea tena. Akaweka kidole kwenye picha.

"Ng'ombe," kasema. Halafu, "Pembe zake ziko wapi?"

Maneno yake ya kwanza! Nusura nipige vigelegele, nikajizuia. Nikamwambia nimezisahau, anioneshe zinakaa wapi. Nikampa brashi. Kachora mbili ndefu, hazilingani. Nzuri kuliko kazi yangu yote.

Ijumaa, 7 Machi
Hakulia.

Ameshika kitabu mbele ya wenzake, nami nimemwachia. Pembe zimewachekesha, wamesogea. Gasto peke yake kabaki ukutani. Milembe akamfuata, akamshika mkono, akamleta, akakiweka kidole cha mwenzake katikati ya mdomo wa kiboko. "Ona." Gasto akafumba macho. Akafumbua. Kidole kipo. Basi kila mtu akataka kujaribu, wakapanga foleni, na Milembe ndiye msimamizi.

Mtoto aliyekuwa mwoga kuliko wote ndiye aliyewatoa wenzake woga. Mimi mwenye cheti nimekaa natazama tu. Saluti kwake. Nimefundisha miaka tisa, sijawahi kuona ujasiri wa namna ile, na wala hakujua kama anafanya jambo kubwa.

Baba yake kaja saa ya kutoka, fimbo begani. Kasimama dirishani muda mrefu. Kaniambia neno moja, "Jumatatu ataletwa." Nimeitikia vizuri tu. Walipoondoka nimelia.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua imekatika. Darasa limetulia, wanachora.

Nimemuuliza Milembe kiboko wetu aitwe nani.

"Mwalimu," kasema.

Nikamuuliza kwa nini.

Akaendelea kuchora. "Ana mdomo mkubwa. Lakini hachapi."

Nimeliandika jina kwenye jalada.