Severa Asomewe Maswali

Elisaria mwanangu,

Tangu Pasaka hujakanyaga hapa kwangu Mchafukoge. Huko Arusha mabasi yameisha? Megha wa jirani ndiye ananiandikia barua hii, na nimemkataza kulainisha maneno.

Goti langu bado linauma, na vitunguu Kariakoo havishikiki. Mwanao Severa anashona vizuri chuoni, ila kwenye mtihani wa kuandika amerudisha karatasi tupu. Herufi zinamchanganya, na wewe unajua hivyo tangu yuko darasa la pili. Nimeenda kwa mwalimu wake. Akaniambia, "Bibi, wanafunzi wa namna hiyo tunawasomea maswali, wanajibu kwa mdomo. Lakini baba yake alituandikia kwamba hana tatizo lolote." Wanataka uje mwenyewe ulifute neno lako. Asipofaulu mtihani wa marudio, wanamwondoa.

Umempa mtoto jina langu, halafu unamwonea aibu. Mimi nimekulea bila kujua kusoma hata kibao cha duka, na chakula changu ulikula.

Jumatatu ukishuka kwenye basi nenda chuoni kwanza, useme ukweli. Kwangu uje baadaye, na uje naye.

Mama yako,
Severa mkubwa