Imeomba Anwani, Hakuna Aliyejibu

Kaka yangu,

Leo asubuhi kompyuta ya stationari yetu hapa Chapwa imegoma tena kuiona printa, na wateja wamesimama mlangoni na vitambulisho vyao wanataka kopi. Nikafanya ulivyonifundisha: nikafungua kile kidirisha cheusi, nikaandika ile amri ya ipconfig, nikabonyeza Enter. Unakumbuka siku ya kwanza nilivyokiogopa? Nilidhani nimeiua mashine, nikapiga yowe mpaka mama lishe wa jirani akaja mbio na mwiko wake. Ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni.

"Acha uoga wewe," ulisema. "Tafuta mstari wa IPv4, anwani yake ipo hapo. Ikianza na 192, imepewa na ruta, kile kiboksi kinachogawa mtandao, mambo safi. Ikianza na 169, ujue mashine imeomba anwani, hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe."

Leo imeanza na 169. Nimelia, kaka, mbele ya wateja, bila aibu.

Ulivuka mpaka kwenda Zambia kufunga mitandao, ukasema mavuno yatakukuta nyumbani. Mwanzoni ulipiga. Kisha kimya, namba zote mbili hazipatikani. Mama alipozidiwa kule Ibaba, kila nikiingia chumbani aliuliza, "Amejibu?" Nikisema bado, anageukia ukutani.

Mama tumemzika, kaka. Hivi ndivyo unavyopata habari, kama utazipata.

Unajua kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza. Kwenye maziko ya baba ulitupa wewe. Jeneza likashushwa, mvua ikaanza, watu wote wakasimama wananitazama ninavyopiga simu yako. Hupatikani. Mwishowe baba mdogo akasema taratibu, "Basi mwanangu, shika wewe."

Nikashika. Mimi kitinda mimba, nikajipa nafasi yako, kwa kuwa hakuna aliyejibu. Udongo ule umeniganda mkononi mpaka leo, na nimekukasirikia, halafu naogopa kwamba namkasirikia marehemu.

Ile kompyuta nimeichomoa waya wa ruta, nikauchomeka tena. Ikarudi 192, wateja wakapata kopi zao wakaenda. Wewe waya wako sijui uko wapi niuchomeke.

Kama u hai, piga. Hata usiponena neno, nitajua ni wewe.

Mdogo wako, niliyetupa udongo wako.