Ruksa Inayopita Ulaya

Jumatatu, 4 Juni 1990

Mama mkwe kaleta amri nyingine toka Kilosa, kwa mdomo wa Lazaro, dereva wa basi. Mwalimu, tena mke wa mwanawe, hatakaanga chipsi mbele ya madereva wa malori. Basi! Nchi nzima sasa ruksa – mitumba ruksa, maduka ruksa – isipokuwa nyumba yangu. Kibanda kimeshaezekwa. Karai ninalo. Mwezi uliopita ilikuwa mapazia, kabla yake nywele. Kutoka Kilosa mpaka hapa Mikumi ni nusu siku ya vumbi, lakini yule mama anajua hata mboga niliyopika jana.

Nimemuuliza Cosmas yuko upande gani. Eti hafungamani na upande wowote! Mume wangu huyu.

Jumatano, 6 Juni

Darasa la saba nimewapa swali: kwa nini makoloni yalidai uhuru kutoka kwa mtawala wa mbali? Mwanafunzi mmoja, Sikuzani, kaandika kwamba mtawala hakuwa mbali. Alitoka Ulaya, na Ulaya ni kijiji hapo njia ya Kilosa, basi linasimama watu wanunue ndizi, shangazi yake anakaa hapo. Nilicheka mpaka chaki ikaanguka. Halafu nikaacha kucheka. Amri zangu zote si zinapita Ulaya?

Sababu yake ya pili: "Aliwaamulia watu wazima mambo yao na kwao hajalala hata siku moja." Nimempa alama zote.

Ijumaa, 8 Juni

Nimeandika barua ya kudai uhuru. "Mpendwa Mama, shikamoo." Shikamoo! Nani aliwahi kudai uhuru kwa shikamoo? Lakini barua kwa mkwe bila shikamoo ni matusi. Nikauliza mgongo wake, kuku, majirani, ndugu wa kule Tindiga. Kurasa mbili. Pa kudai pakabaki mistari miwili, na mkono wenyewe ukaandika "naomba ruhusa." Nimechana. Nimeandika tena – ileile! Ya tatu nimempa Lazaro bila kuisoma.

Jumanne, 12 Juni

Jibu limefika. Lazaro anasema Mama kacheka kidogo, halafu kasema: ruksa. Cosmas anashangilia. Mimi nina hasira mpaka nalia. Nilitaka kibanda kiwe changu, sasa kimekuwa zawadi yake. Na Jumamosi anakuja mwenyewe kufungua.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika nyuma ya kibanda, daftari juu ya gunia. Mama kashuka na kisu chake na viazi vyake – vya hapa sokoni eti vina maji. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba, na kabla sijainuka karai kashika yeye.

Dereva wa lori la Zambia akaja. "Shikamoo, mama mwenye kibanda."

"Marahaba!" Kaitika Mama, wala hakumsahihisha.

Nikasema, na sikupanga: "Mama, mwenye kibanda ni mimi."

Cosmas akaenda kuchota maji, na ndoo zote zimejaa. Ndiyo nimekimbilia huku. Yule dereva anauliza kama kuna chumvi.

Namsikia Mama: "Mimi mgeni hapa. Muulize mwenyewe."

Sijui kasusa au kakubali. Sasa anaita – "Mwalimu!" Miaka sita ya ndoa, hajawahi kuniita hivyo. Anaita tena. Chipsi zinaungua –