Kompyuta Iliyojengwa Kama Nyumba

Kibabi, Masisi
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Jérémie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mama watoto Estelle. Mnaamkaje huko Kampala? Kile kikohozi cha mtoto kimeisha? Sisi huku tunaishi tu. Mvua haitupi nafasi, maharage yameozea shambani, na magoti yananiuma kama ya bibi kizee. Lakini tunapumua, Mungu asifiwe.

Umeniuliza mara nyingi kwa simu kama ile kompyuta ya dada yetu Tuyizere imeshawaka, na kila mara network inakata kabla sijamaliza. Mambo yenyewe ni marefu. Kesho Bienvenu wa pikipiki anashuka mpakani Bunagana, basi nimeamua kukuandikia.

Unajua kwa nini tulianza. Tangu mume wake afariki, Tuyizere anabeba mifuko ya mawe ya koltani kule Rubaya, kamba kwenye paji la uso, matope hadi magotini. Mtu aliyesomea kupiga mashine! Paroko alimwahidi kazi ya kuandika matangazo, na shule ikamwahidi mitihani ya kuchapa, ila awe na mashine yake mwenyewe. Laptop ilitushinda bei. Ndipo familia ikakaa na kuamua kwamba tutaunganisha kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea wote pamoja, kwa hiyo usinicheke. Nyumba ya mjane kwetu hujengwa na ukoo mzima: huyu analeta miti, yule bati, mwingine misumari. Hakuna anayeleta pesa, kwa sababu pesa haioneshi mkono wa mtu. Kompyuta nayo tukaijenga vivyo hivyo. Baba mdogo Sebahire aliuza beberu wake, akashuka Goma kununua carte mère, ule ubao ambao vipande vingine vyote hufungwa juu yake. Wewe ukatuma processeur, ubongo wenyewe. Binamu yetu Twizeyimana akaleta sanduku la kuviwekea vyote na écran, kioo cha kutazamia, vya mtumba. Mimi nikanunua alimentation, ile ya kugawa umeme. Nilinyanyua zote dukani nikachukua iliyo nzito, kama mtu anayechagua kabichi.

Kila mtu alichagua kwa moyo wake, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Fundi Darius alipovitandaza mezani alitikisa kichwa. Processeur yako haiingii kwenye carte mère ya Baba mdogo, hata ukiipiga nyundo. Kimoja lazima kirudi dukani. Chako ni cha mtumba kutoka Kampala, hakina wa kukirudishia. Mwenye duka wa Goma alikubali kubadilisha kile kingine.

Sasa nani wa kumwambia mzee? Mimi, bila shaka, maana kazi mbaya za ukoo huu zote ni za kifungua mimba. Nilimweleza polepole, kama mtu anayepita penye utelezi. Akaniuliza: "Njo kusema munaniondoa mu nyumba ya mutoto wa kaka yangu?"

Nguzo ya mtu haing'olewi, wewe mwenyewe unajua. Basi vipande vikalala ndani ya kikapu chini ya kitanda cha Tuyizere, na yeye akaendelea na mifuko yake ya Rubaya. Nilichoka, Jérémie. Nilichoka na wazee, nikachoka na mashine, nikachoka kumfungulia mlango kila jioni na kumwona amepinda.

Mwezi uliopita aliteleza mlimani, mzigo ukamwangukia. Hakuvunjika, tunashukuru, ila mgongo umeumia, akawa hawezi kuinama. Baba mdogo alikuja kumwona. Alikaa karibu na kitanda, akaona kile kikapu, akakivuta kwa mguu. Halafu akatoa carte mère yake, akaifunga ndani ya koti.

"Muti ikikuwa fupi hatuitupake," alisema. "Hii nayo itapata nyumba yake."

Asubuhi alipanda pikipiki, na mvua ile ile, akaenda Goma kuibadilisha kwa mkono wake. Mimi niliingia jikoni nikalia. Mzee yule ni mbishi, lakini anatupenda.

Sasa Darius ameunganisha vyote. Feni inazunguka, taa inawaka, écran imebaki nyeusi. Kinachokosekana ni barrette ya mémoire, kijiti cha kumbukumbu ya kompyuta, kitu chenyewe hakizidi kidole. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataileta. Ni kama komeo la mlango: nyumba inaisha, ndipo watu wanaanza kutazamana. Huku mifuko imekauka kabisa, kwa hiyo nakuomba wewe. Darius ameandika aina yake kwenye kikaratasi nilichokunja humu ndani. Tafadhali, safari hii usichague kwa moyo. Usitafute nzuri zaidi wala kubwa zaidi, nunua ile ile.

Baba mdogo anakusalimu, na Twizeyimana pia. Huyo anasema sanduku lake ndilo pekee ambalo halijaleta ugomvi. Msalimie Estelle, na mtoto umbusu kwa ajili yangu.

Tuyizere naye anakusalimu sana. Jana aliinama akafunga viatu vyake mwenyewe, akafurahi, nami nikajilazimisha kufurahi. Kamba yake ya kubebea bado inaning'inia ukutani, na namwona anavyoitazama. Akipona kabla barrette haijafika, ataishusha. Nimemwombea dada yetu afya tangu azaliwe, lakini siku hizi, Mungu anisamehe, namwomba asimponye haraka.

Bwana awafunike ninyi nyote, na akufungulie njia mapema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka,
Béata