Panya wa Maji na Chupa Iliyo Nyuma ya Maziwa

Mpendwa Bibi Mshauri, nisaidie mjukuu wako kabla ya Jumatatu, maana nimekosa na sijui pa kushika. Mimi ni mlisha panya kwenye maabara ya utafiti, kazi yangu kuosha vizimba na kuwanywesha panya ishirini na wanne waliotiwa kisukari, nusu dawa, nusu maji matupu, na daktari wetu mkuu alinieleza kwamba mwilini mna vimeng'enya vinavyotengeneza gesi iitwayo nitriki oksidi, ikiwa kidogo inalegeza mishipa damu ipite vizuri, lakini sukari ikipanda kuna kimeng'enya kimoja kinaitengeneza bila kiasi mpaka ini linaumia, na dawa yetu ni ya kukituliza hicho. Sasa Bibi, mama yangu ana kisukari mwaka wa kumi na moja na ini lake limeanza kuharibika, na wale panya wa maji walikuwa wananitazama vilevile mama anavyonitazama nikimnyima soda, basi nikashindwa, nikawa nawapa na wao dawa, wiki sita nzima, huku kwenye daftari naandika "maji". Juzi maini yalipopimwa yakawa sawa pande zote mbili, daktari akavua miwani akasema dawa haina kazi, Jumatatu anawaambia wenzake waachane nayo, nami nilikuwa palepale nimeshika ndoo, sikusema neno, kwani nikisema nafukuzwa na mama hana mwingine ila mimi, halafu nikaona kama inatupwa basi, nikachukua chupa moja, iko kwenye friji nyumbani nyuma ya maziwa, mama ameuliza ni ya nini nikamwambia ya kazini. Bibi, nimpe kidogo tu?

Mlisha Panya

Mjukuu wangu,

Usimpe hata tone. Weka gazeti chini, kaitoe hiyo chupa kwenye friji, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Kaa.

Mimi darasani sikukaa hata siku moja, na barua yako jirani amenisomea mara tatu. Lakini jiko nalijua. Moto unaoivisha na moto unaounguza unatoka kwenye mkaa uleule, na wewe hujui hiyo dawa, kwa kipimo chako cha kukisia, itazima upi. Mama yako ana uzito wa panya wangapi? Hujui. Hata mimi sijui. Ndiyo maana daktari aliwapa wengine maji, apate wa kulinganisha nao, wewe ukamnyang'anya.

Huruma yako siicheki. Mtu anayeona macho ya mama yake ndani ya kizimba cha panya amechoka siku nyingi na hakuna aliyemuuliza. Pole sana. Ila uliwahurumia panya kumi na wawili ukawasahau wagonjwa wote wanaoingojea dawa hiyo, mama yako akiwa mstari wa mbele. Labda inafanya kazi, labda haifanyi. Ni wewe peke yako unayejua kwamba bado haijajulikana, na umesimama kimya na ndoo yako.

Jumatatu usiingoje. Kesho asubuhi mtangulie daktari mlangoni. Mpe chupa, mpe daftari, mwambie: "Panya wa maji nao walikunywa dawa. Niliwapa mimi." Usianze na habari za mama, hizo ngojea akuulize kwa nini. Atafoka. Mwache afoke, ni wiki sita zake hizo. Anaweza kukufukuza kweli, sitakudanganya. Akikufukuza niandikie, nami nitauliza mtaa mzima mpaka upate kitu kingine cha kuosha. Uchafu haujawahi kuadimika.

Halafu mpeleke mama kliniki, useme ini kwa jina lake, usimung'unye maneno. Soda endelea kumnyima, akutazame atakavyo.

Na akiuliza ile chupa imekwenda wapi, mwambie imerudi kwa wenyewe. Akiuliza wenyewe ni nani, mwambie ni panya.