Mama wa Kwenye Bango

3 Machi

Mwanangu Daktari,

U hali gani? Unalala? Unakula? Najua utasema "ndiyo Mama" hata kama umeshinda na chai tupu. Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua asubuhi, wala usihangaike.

Mwanangu, nimejiona! Nimebandikwa pale zahanati, mkabala na dirisha la dawa, boksi la vidonge mkononi, nimetabasamu kama bibi harusi. Kumbe siku ile ofisini kwako, yule bwana wa kampuni ya dawa aliposema, "Mama, shika hiki, tucheke," ilikuwa kwa ajili hii! Mimi nilidhani ni picha ya kumbukumbu, kwa vile ulikuwa umepewa uganga mkuu. Kuna maandishi chini, lakini ni madogo na macho yangu unayajua.

Jirani yangu fundi cherehani kanipigia vigelegele mtaa mzima. "Njooni mumwone staa wetu!" Ameanza kumeza vidonge vile kwa ajili ya magoti yake. Kasema dawa ya mwanangu ni dawa yake.

Zamani nilikuwa Mama Kibogoyo, kwa sababu meno yako yalichelewa kuota. Sasa hata muuza mkaa ananiita Mama Daktari. Naitika haraka kabla hajajirekebisha.

Mama yako,
Mama Daktari

29 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu zimenizidi. Nimefurahi kwamba umefurahi. Kampuni nao wanasema bango lako linapendwa kuliko yote. Wametuletea mashine za wodi ya watoto. Kifua usikipuuze.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila usingizi umenihama. Fundi anatapika damu.

Daktari wa zahanati kasema ni vile vidonge, vinachoma tumbo, na fundi si wa kwanza. Kasema wameshamwandikia mkubwa wao, hawajajibiwa. Nikamwuliza mkubwa wao nani. Akaniangalia, akainama. Mwanangu, kumbe ni wewe.

Nilikwenda kumwogesha fundi. Akaniuliza, "Mwenzangu, wewe ulifanyaje mpaka tumbo lako likaizoea hii dawa?" Nikamwambia mimi sijawahi kumeza hata kimoja, magoti yangu mazima. Kisha akasema, "Mbona bango limeandikwa, *Mama wa daktari naye anaitumia*?"

Ndipo nilipojua nimeandikwa nini.

Iondoe hiyo dawa. Si wewe ndiye mkubwa? Ukisema, watakusikia. Nijibu upesi.

Mama

30 Agosti

Mama mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Habari za fundi zilinifikia. Pole sana kwa msiba.

Mambo haya si mepesi kama unavyoyaona ukiwa huko. Dawa bado inachunguzwa. Nikisema neno sasa, kampuni itachukua mashine zake, na wanaolala kwenye mashine hizo ni watoto wa watu. Nakuomba usizungumze na mtu.

Ila kuna jambo jema. Tunaandaa Siku ya Kurejesha Imani, kampuni inagharamia. Watu wamekimbia hospitali, Mama, wanatuogopa. Lakini wewe wanakupenda. Panda jukwaani, sema maneno mawili tu, watarudi. Gari litakufuata. Gauni utashonewa.

Mwanao

4 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Gauni sitaki. Aliyekuwa akinishonea tumemzika. Msibani, kila benchi nililokalia lilibaki langu peke yangu.

Lakini nitakuja. Umeomba maneno mawili, ninayo. Nitasema, "Sikumeza. Msimeze." Halafu upande wewe, useme ya kwako. Watakutukana kwanza, uvumilie. Baadaye watakuamini kuliko mwanzo, maana watakuwa wamekusikia kwa masikio yao. Hao watoto wa mashine nawaombea kila siku, lakini fundi naye alikuwa mtoto wa mtu.

Mwambie dereva asihangaike kupiga honi. Atanikuta kibarazani.

Mama

19 Septemba

Mama,

Shikamoo. Ratiba imebadilika, usijisumbue kuja. Kampuni wamempata mama mwingine.

Mganga Mkuu

8 Oktoba

Mwanangu,

U hali gani? Unalala? Safari hii siulizi kwa mazoea.

Barua yako ilinikuta kibarazani, nimeshavaa viatu.

Bango jipya wamelibandika juu ya langu. Nimebaki sikio moja pembeni. Huyo mama ana uso wa upole. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mgonjwa humo. Nikamwambia mgonjwa ninaye, lakini hayumo humo.

Kifua kimezidi. Hospitalini kwako sitakuja. Naogopa, kama wenzangu. Muuza mkaa ameshajirekebisha, naye namwitikia vilevile.

Nina ombi moja, halafu sitakusumbua. Mtafute huyo mama popote alipo, ukae naye, umsomee yale maandishi ya chini. Mimi hukunisomea.

Mama Kibogoyo