Gauni la Bibi na Mvaaji wa Pili

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaivunja nyumba ya watu kwa sababu ya gauni moja.

Mimi ni mwalimu wa ubunifu wa mavazi katika chuo cha ufundi, na mwaka huu nimepewa somo jipya, mitindo ya uchumi mzunguko, maana yake nguo isibuniwe ili ivaliwe mara mbili tatu ikatupwe, ibuniwe ili iweze kufumuliwa, kurekebishwa, kuhamia kwa mtu mwingine, na mwisho kabisa kitambaa chenyewe kirudi kuwa kitu, na somo hilo limeniingia mpaka nyumbani wananikwepa, mume wangu akiniona nalichunguza shati lake kwa ndani anauliza kama bado ni lake.

Basi nikawapa wanafunzi kazi ya mwisho ambayo niliiona ni ya akili sana. Kila mmoja amshonee mtu halisi wa nyumbani kwao, na tangu siku ya kupima amtaje mvaaji wa pili, yaani atakayelirithi vazi pale mvaaji wa kwanza akishamalizana nalo, ili mishono iachiwe nafasi ya kumtosha huyo wa pili. Kazi ilichangamka ajabu, mmoja alimshonea mama yake koti litakaloshuka kwa mdogo wake, mwingine akamshonea kaka yake suruali inayoweza kugeuka sketi, darasa zima likawa linabishana habari za upindo kama watu wanaobishana habari za mpira.

Sasa yupo binti mmoja, wenzake wanamwita Twiga kwa urefu wake, amelelewa na bibi yake tangu mchanga, na bibi huyo ni muuguzi mstaafu, mtu nadhifu, na ndiye aliyesimama kidete binti aje chuoni wakati ndugu wengine walisema kushona si masomo. Twiga akamshonea bibi gauni, nami nasema kweli sijapata kuona mwanafunzi akilaza kola namna ile. Akalipeleka nyumbani, bibi akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akafurahi, akainua pindo aone kazi ya ndani, akakuta kitambaa kingi kimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mwepesi, akauliza hiki chote cha nini. Na Twiga, kwa kuwa mimi nimewafundisha kueleza kazi zao bila kuficha, akamjibu, "Hicho ni changu, bibi. Mimi ni mrefu, nitakuja kulishusha."

Bibi alilivua, akalikunja vizuri, akamwekea mikononi. "Basi livae sasa," akamwambia. "Usisubiri."

Tangu hapo bibi anakula chumbani kwake, akisalimiwa anaitika na basi. Twiga analia juu ya cherehani, anasema ataacha chuo, maana hawezi kumaliza kazi ambayo bibi yake anaiona ni ya kumngojea afe, na mkuu wangu wa idara anasema ni jambo dogo, aandike tu jina la mtu mwingine badala ya bibi, onyesho la kazi limekaribia. Mimi nilimpigia bibi simu nikamweleza habari za mzunguko na malundo ya nguo zinazotupwa, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na wewe, mwalimu, nguo zako umeshazigawa?"

Mshauri, naumia kwa ajili ya binti huyu, lakini pia nataka kuelewa, kwa sababu mimi nimekua nikivaa sketi za dada zangu, zilinifikia zimepauka na hakuna aliyelia, sasa kwa nini jambo lile lile tukilipanga mapema linakuwa kosa? Somo langu ndilo bovu, au ni mimi?

Mwalimu wa Mitindo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Somo lako ni zuri na natamani ningelisoma mimi. Wewe ndiye umelishika vibaya, na hapo kwenye simu nilishika kichwa. Mtu ameumia, wewe unampa mhadhara wa malundo ya nguo?

Umeuliza kwa nini, na swali ni la haki. Dada yako alipokuachia sketi yeye alikuwa amerefuka, amekwenda mbele, sketi ndiyo iliyobaki nyuma. Kwa bibi umegeuza mambo. Gauni linaendelea na safari, yeye ndiye anayeachwa kituoni, tena ameambiwa hivyo siku ya kwanza kulivaa, na mtoto aliyemlea mwenyewe. Muuguzi ameona wengi wakiondoka, hana haja ya kukumbushwa na upindo.

Binti hana kosa la moyo. Alisema ulichomfundisha kusema. Kwa hiyo usimtume yeye akaombe radhi, nenda wewe, mchana, ukiwa umepiga hodi kama mgeni, na neno mzunguko uliache chuoni. Mwambie swali la mvaaji wa pili lilikuwa lako na uliliuliza vibaya. Halafu muulize lile ulilopaswa kuuliza tangu mwanzo: yeye mwenyewe akibadilika, anataka gauni libadilike vipi? Miguu ikivimba, mwili ukinenepa au ukipungua, mkono ukigoma kufikia zipu ya mgongoni, kiwiko kikitoboka. Kitambaa kile cha akiba kinatosha mambo hayo yote, na mvaaji wa pili wa gauni hilo anaweza kuwa bibi yule yule miaka ijayo. Huo nao ni mzunguko, na sioni kwa nini hukuuona.

Mkuu wa idara asikuharakishe. Ukibadilisha jina kwenye karatasi utakuwa umemtoa bibi kwenye gauni lake kwa mara nyingine. Onyesho likipita, lipite, alama za binti utazitoa baadaye, hiyo kazi iko ndani ya uwezo wako, usijifanye huna mamlaka.

Na Twiga mwambie aache habari za kuacha chuo. Alirudishe gauni kwa mwenyewe bila pini na bila maelezo, aseme, "Bibi, hili ni lako lote, na hicho kitambaa cha ndani pia." Kisha anyamaze. Bibi akilitundika kabatini mwezi mzima, sawa. Akitaka kulikata liwe fupi, amsaidie kushika mkasi. Nani atalivaa baada yake, atasema mwenyewe siku akipenda, na asipopenda msimuulize.

Ningekuwa mimi ndiye ninayesahihisha, ningempa binti huyo alama zake siku bibi atakapolimwagia chai akiwa amelivaa, akaguna, akamwambia mjukuu wake, "Lifue vizuri, nalitaka kesho."